Mipira ya Namba Kumi

Gari la shangazi lilianza kutoa jasho Jumatatu. Hilo ndilo neno la Fundi wa gereji yetu. Kwake mpira wa oili hauvuji mpaka aone tone likidondoka sakafuni. Kabla ya hapo "unatoa jasho" tu. Siku hiyo aliteleza kutoka chini ya gari na kitambaa chenye doa jeusi, akakinusa, akamwonyesha shangazi.

"Jasho," alisema. "Lakini hili ni la homa."

Jasho lilitoka kwenye mipira miwili ya oili. Mmoja hubeba oili ya moto kutoka kwenye injini hadi rejeta ndogo iliyofungwa nyuma ya bampa la mbele. Wa pili huirudisha ikiwa imepoa. Mwenye gari la kwenda kazini na kurudi anaweza asijue kama ana vitu hivyo. Gari la shangazi ni la mashindano ya barabara za vumbi, na kuna milima ambayo hupandishwa kwa gia ya pili na ya tatu robo saa nzima bila kupumua. Oili isipopoa huko inakuwa nyepesi kama maji, vyuma vinasagana, injini inanoki na kufa. Na injini ile ilikuwa moja tu. Shangazi aliikusanya kipande kwa kipande kwa miezi kumi na minne, na bloku ya aina ile haitengenezwi tena.

Siku za kazi shangazi hufundisha watu kuendesha. Kutwa nzima amekaa kiti cha abiria kwenye gari lenye breki mbili, akisema "polepole, mama, polepole," na wikiendi anakwenda kufanya kinyume cha yote aliyofundisha. Kando yake hukaa mama yangu, mke wa kaka yake, mwenye daftari la kona, akimsomea kila kona kabla haijafika. Mama ni fundi cherehani. Mawifi hao wawili hawajawahi kukubaliana juu ya pazia, ubwabwa wala malezi, lakini mama akisema "kushoto kali, usikate," shangazi hakati. Mume wa shangazi huliita gari hilo mume mwenzake.

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo cha ufundi mwaka uliotangulia, na kazi yangu pale gereji ilikuwa vipuri: kujua kinachotakiwa, kukitafuta, kukiagiza. Kwa sababu hiyo waliniita Msomi. Shangazi alipoona kile kitambaa hakumwangalia Fundi tena, aliniangalia mimi.

"Msomi, tunaondoka Jumamosi asubuhi. Chagua mipira."

Fundi alitaka ya orijino, ile inayotoka kiwandani na gari. Ilikuwa nzuri, nayo ingefika baada ya wiki sita. Kulikuwa na mpira mweusi wa kukata na kufunga kwa klipu, ambao Fundi mwenyewe alisema klipu ni za maji, si za oili yenye presha. Na kulikuwa na mipira iliyosukwa nyaya za chuma kwa nje, inayobanwa vichwa vyake kwa mashine. Inavumilia joto na mawe, na jiwe ndilo lililokuwa limeukwaruza ule wa zamani. Nikachagua ya kusukwa. Shangazi alifurahi mno, nadhani kwa sababu inang'aa.

Mtu wa kuitengeneza alikuwa mmoja, yule tunayemwita Bwana Presha. Ana kibanda upande wa pili wa mji, chenye rafu za mipira hadi kwenye dari na mashine ya kubania vichwa, na wateja wake wengi ni wenye matrekta na mitambo ya kuchimba mitaro. Gari lilikuwa bado linatembea, kwa hiyo sikuweza kumpelekea mpira wa zamani. Nilimtumia nati ya akiba kama sampuli, pamoja na urefu wa kila mpira kwenye karatasi. Upana ulibaki wa kusema kwa simu. Kama kawaida yangu kabla ya kupiga simu, niliandika kwanza nitakachosema, nikakisoma mara mbili, ndipo nikapiga.

"Fundi anasema ni ya namba kumi," nilisoma.

"Namba kumi?" aliuliza Bwana Presha. Kwa nyuma mashine ilikuwa inaunguruma.

"Ndiyo. Namba kumi."

"Haya mama. Kesho kutwa."

Nikakata simu nikiwa nimefurahi kwamba imekuwa fupi.

Mipira ilifika Jumatano jioni kwenye mfuko wa nailoni, pamoja na kipande kilichobaki, urefu wa kidole, ambacho Bwana Presha alituwekea tuone msuko wake. Alhamisi Fundi aliifunga. Nati zilikaa bila ubishi. Aliwasha injini, akaiacha ipate moto, akapapasa kila kiungo: kikavu. Shangazi alizunguka mtaa mara mbili, akarudi akisema presha ya oili ipo. Mama alikuja kuchukua daftari lake, akachungulia chini ya boneti iliyokuwa wazi.

"Wifi," alisema, "gari lako limesukwa vizuri kuliko kichwa chako."

"Kichwa changu kinavaa helmeti. Wewe hangaika na chako."

Ijumaa asubuhi nilikuwa peke yangu kwenye stoo. Ukaguzi wa magari yote ya mashindano ulikuwa siku hiyo saa kumi jioni, uwanjani, na gari lisilofika ukaguzi halianzi Jumamosi. Sikuwa na kazi ya haraka, nikaamua kuisafisha mipira ya zamani ili niiandike na kuihifadhi. Nilizungushia kitambaa kidole changu cha mwisho, nikakiingiza ndani ya mpira kutoa oili iliyoganda. Kikaingia chote, pamoja na kitambaa.

Nikachukua kile kipande cha mpira mpya ili nilinganishe ngozi yake na ya ule wa zamani. Kwa mazoea tu nikaingiza kidole kilekile, safari hii bila kitambaa. Kiligota kwenye kucha.

Nilijaribu kidole cha mkono wa pili, ovyo tu, kama vile mkono huo ni wa mtu mwingine. Halafu nikachukua vernia, kile kipimo cha milimita. Mpira wa zamani ulikuwa milimita kumi na sita kwa ndani. Mpya, milimita kumi kamili. Kwa nje ilifanana unene, kwa sababu ule mpya una ngozi nene na chuma juu yake.

Fundi alikuwa anakunywa chai juu ya tairi. Nilimwekea mpira wa zamani na kile kipande kwenye goti.

"Hii si namba kumi, Fundi."

"Namba kumi ni namba kumi."

"Kumi ya nini?"

Aliniangalia kwa huruma. "Ya inchi. Unaigawa inchi moja mara kumi na sita, unachukua kumi. Chuoni mlikuwa mnafanya nini, mnacheza ngoma?"

"Tulifundishwa. Lakini Bwana Presha anahesabu milimita. Mitambo yake yote ni ya milimita. Nilimwambia namba kumi, akatoa namba kumi yake."

Fundi aliweka kikombe chini. Akajaribu kuingiza kidole chake, ambacho hakikuingia popote, wala kwenye ule wa zamani. Akachukua vernia kutoka mkononi mwangu, akasoma, akaisogeza karibu na macho, akasoma tena.

"Na nati zilikaa," alisema.

"Alikuwa na vichwa vyenye nati kubwa na shingo nyembamba. Aliona nati ya sampuli, akadhani ndivyo tunavyotaka."

"Kwa hiyo oili inayopita haifiki hata nusu ya ile ya zamani."

"Ndiyo."

"Na mimi nimeifunga." Alinyanyuka. "Mwambie shangazi yako."

"Mimi?"

"Wewe uliagiza, mimi nimefunga. Tugawane. Mimi nitafungua."

Shangazi na mama walikuwa nje, wanabandika namba kwenye mlango wa gari. Mama alikuwa ameshika upande wa juu, shangazi anakwangua mapovu ya hewa kwa kadi ya benki. Nilisimama karibu nao mpaka shangazi akauliza kama nimepotea.

"Mipira imekosewa," nilisema. "Ni myembamba kwa ndani. Kosa ni langu, sikuuliza namba kumi ya nani."

Nilieleza yote. Nilijikuta nimeshika kile kipande na kukigeuzageuza kama mtu anayeuza. Shangazi alisikiliza hadi mwisho bila kuinuka.

"Inavuja?"

"Haivuji."

"Presha ipo?"

"Ikiwa imesimama, ipo. Ukizunguka mtaa, ipo."

"Mkaguzi ataona nini?"

"Hataona kitu. Anaangalia kama inavuja."

"Basi." Aliendelea kukwangua mapovu. "Tutapita ukaguzi, tutakimbia, Jumatatu utabadilisha."

Hapo ndipo nilipotaka kunyamaza. Tayari nilikuwa nimesema, na hakuna ambaye angeweza kunilaumu. Lakini nilijua mlima ulioko kwenye hatua ya pili ya mashindano, kilomita kumi na tisa, na nilijua sauti ambayo injini hutoa inaponoki, kwa sababu chuoni walituwekea moja makusudi tuisikie.

"Kwenye mlima haitapoa, shangazi. Oili itakuwa inazunguka hukohuko kwenye injini na joto lake. Itaanza kugonga."

"Kwenye kilomita ya ngapi?" aliuliza mama.

"Sijui. Labda ya kumi. Labda isigonge kabisa."

"Unaona?" alisema shangazi. "Hajui."

"Sijui ni lini," nilisema. "Tundu ni dogo, hilo najua."

Mama aliachia ule upande wa namba, ukajikunja na kujigandisha wenyewe kwa wenyewe, ukaharibika. Shangazi aliguna.

"Wifi," alisema mama, "mimi nikikwambia kushoto kali, huwa unashuka kwenda kuiangalia kwanza?"

"Ni tofauti."

"Ni tofauti vipi?"

Shangazi aliirudisha kadi mfukoni. Alinyanyuka, akapangusa magoti, akaangalia saa. Ilikuwa saa tatu na nusu. "Tukiifungua sasa na tusipate mingine, hatufiki ukaguzi. Miezi kumi na minne, halafu gari linabaki hapa limenyoosha miguu. Mnanielewa?"

"Tunakuelewa," alisema mama.

Shangazi aliutoa ufunguo mfukoni, akautazama kidogo, akampa Fundi aliyekuwa amesimama mlangoni na spana mbili mikononi tayari. "Fungua. Na wewe, Msomi, usipige simu. Nenda."

Bwana Presha nilimkuta ameinama kwenye mashine. Nilimsalimia, akaitikia bila kugeuka. Nilisubiri amalize kubana, kisha nikaweka mpira wa zamani juu ya benchi mbele yake.

"Mzee, naomba uingize kidole humu."

Aligeuka sasa. "Nini?"

"Kidole. Cha mwisho."

Pengine kwa mshangao tu, alikiingiza. Halafu nikampa kile kipande chake mwenyewe. Alikitazama, akatazama cha zamani, akaanza kucheka peke yake.

"Kumi na sita! Sasa kwa nini uliniambia kumi?"

"Kwetu hii ndiyo kumi."

"Na hii mliyochukua ingekuwa ngapi kwenu?"

Nilipiga hesabu. "Sita na kidogo."

"Sita na kidogo!" Alimwita mwenye duka la betri lililo jirani aje kusikia, nikasubiri acheke na yeye. Kisha akawa mtu wa kazi. Mpira wa kusukwa wa kumi na sita hakuwa nao, wala mjini hakumjua aliye nao. Alikuwa na mweusi wa mitambo, mpira mtupu kwa nje na nyaya za chuma ndani ya ngozi, unaovumilia joto hadi digrii mia moja na ishirini. Vichwa vinabanwa kwa mashine, si klipu. Alipanda ngazi, akauteremsha, akaupima. Ulikuwa umebaki sentimita mia moja na tisini.

Nilihitaji mia mbili na ishirini.

"Ndiyo huo," alisema. "Kalete vipimo vinavyotosha hapa, nikukatie. Nikishakata nimekata."

Niliporudi gereji, Fundi alikuwa ameshatoa mipira ile inayong'aa na kuizungusha kwenye ndoo. Bampa lilikuwa chini. Nilieleza kilichopo. Fundi alisema mipira ya zamani ilikuwa inazunguka mbali, chini ya taa, na kwamba inaweza kupita juu zaidi, kando ya chasisi, ambako pia mawe hayafiki. Alijaribu kupima njia hiyo kwa futi ya chuma, ikawa inamrukia usoni kila anapoikunja kwenye kona.

"Toka," alisema mama. Alikuwa na tepu yake ya kushonea shingoni, kama siku zote. Alilala juu ya injini kama mtu anayemvalisha mtoto, akailaza tepu kwenye kila kona, akaibana kwa vidole. "Tisini na moja. Na huu mwingine, tisini na sita."

"Mia moja na themanini na saba," nilisema. "Inatosha."

"Haitoshi. Hujaweka ya kukaa."

"Ya nini?"

"Injini haichezi inapowaka?"

"Inacheza," alisema Fundi. "Inayumba kama vidole viwili."

"Basi nikimshonea mtu suruali kwa kipimo chake amesimama, siku akichuchumaa itakuwaje? Nne kila mmoja."

Ikawa mia moja na tisini na tano. Mpira uliobaki ulikuwa mia moja na tisini. Ilikuwa saa tano na dakika kumi. Shangazi, ambaye muda wote huo alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha dereva na mlango wazi, alisema bila kugeuka, "Nasikia kimya."

Nilikuwa natazama ile rejeta. Midomo yake miwili ilitazama kulia, na mipira ilipaswa kupita mbele yake kwanza ndipo iingie. Haikuwa na maandishi ya juu wala chini. Ilikuwa na matundu manne ya bolti, yaliyolingana.

"Tukiigeuza," nilisema, "midomo itatazama kushoto. Injini iko kushoto."

Fundi aliangalia matundu, akaangalia injini, akafungua bolti nne. Mama alilala tena juu ya injini. Themanini na nne, na tisini. Pamoja na ya kukaa, themanini na nane na tisini na nne.

"Mia moja na themanini na mbili," nilisema.

"Rudia," alisema mama, akapima upya kuanzia mwisho kwenda mwanzo. Vipimo vikatoka vilevile.

Nilirudi kwa Bwana Presha, na safari hii nilimwandikia: mipira miwili, ndani milimita kumi na sita, urefu sentimita themanini na nane na tisini na nne, kutoka ncha ya kichwa hadi ncha ya kichwa. Nilimsomea kwa sauti, nikamwomba na yeye anisomee. Alisoma kama mwanafunzi aliyesimamishwa mbele ya darasa, akikokota maneno kwa utani, lakini alisoma yote. Nilisimama hapo mpaka msumeno ulipomaliza. Kabla hajabana vichwa niliingiza kidole kwenye kila mpira, na vumbi jeusi likabaki kidoleni kama pete.

"Harusi lini?" aliuliza, akitazama kidole.

"Saa kumi," nilisema.

"Saa kumi yetu au yenu?"

Tulifika ukaguzi ikiwa imebaki robo saa. Mkaguzi aliinama, akamulika kwa tochi, akauliza mbona magari mengine yana mipira ya kung'aa. Shangazi alimjibu kwamba amevua mapambo. Mkaguzi akabandika stika yake kwenye kioo.

Sitasema usiku ule nililala. Mpira mweusi nilikuwa sijawahi kuuona kwenye mlima, na njia mpya ilikuwa haijajaribiwa zaidi ya mtaa mmoja. Kama ningekuwa nimewatoa kwenye mipira myembamba nikawapeleka kwenye mipira mibaya, hiyo nayo ingekuwa yangu.

Jumamosi mimi na Fundi tulisimama pale magari yanapotokea baada ya hatua ya pili, kwenye kiwanja cha kokoto chenye turubai na meza. Gari la kwanza lilifika, la pili, la nne. La tatu halikufika. Tuliambiwa limekaa mtaroni, waliomo ni wazima. Fundi alikuwa anahesabu kwa kugonga spana kwenye paja. Kisha tukalisikia la shangazi kabla ya kuliona. Sauti ilikuwa safi, bila kugonga. Fundi aliacha kuhesabu.

Lilisimama mbele yetu limejaa vumbi hadi ndani ya taa. Shangazi alivua helmeti. Nywele zilikuwa zimesimama upande mmoja lakini mama alikuwa anaandika. Niliona kwamba pembeni ya daftari la kona, kwa penseli, alikuwa ameweka safu nyingine ya tarakimu, moja kwa kila kilomita.

"Joto la oili," alisema, akinipa daftari dirishani. "Nilikuwa namsomea kona na kuangalia geji. Shingo imekufa."

Ilianza themanini na tano. Kwenye kilomita ya kumi ilikuwa mia moja na mbili. Juu kabisa ya mlima, mia moja na nane. Kuanzia hapo ilikuwa inashuka.

"Tuko wa ngapi?" aliuliza shangazi.

"Wa saba," alisema Fundi.

"Kati ya?"

"Kumi na moja. Kumi, mmoja yuko mtaroni."

Shangazi alikunja uso kidogo, si sana, akafungua boneti kutoka ndani. Hakushuka. Niliinama juu ya joto lile, nikachukua karatasi laini nyeupe, nikaipitisha chini ya kichwa cha kwanza cha mpira, nikaizungusha, halafu cha pili, cha tatu, cha nne. Nilijua watu watatu wananitazama. Karatasi ilikuwa na vumbi. Haikuwa na oili.

"Msomi," aliita shangazi. "Sema."

"Pakavu."

"Bado hatua ya tatu," alisema, na kuvaa helmeti. "Funga boneti."